Gari la Kitambaa la Bi Ghania

Bi Ghania alikuwa akishona mabaibui kwenye mtaa wa Al Muraqqabat tangu kabla mimi sijajua Dubai iko wapi. Familia yao ilitoka Unguja yeye akiwa mtoto wa kubebwa, na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kiunguja. Mimi, Teresiah wa Nyeri, nilikaa mashine ya pili, nikipiga pindo na kubishana naye.

Mwanawe wa pekee, Badar, alikuwa dereva wa mbio. Kila akimaliza kuswali, mama alimwomba Mungu mtoto aache. Mtoto hakuacha. Mwaka 2005 yeye na wenzake walikodi ghala waunde gari lao wenyewe la mbio ndefu, zile za kutwa kucha ambazo madereva hupokezana usukani. Siku moja akaingia dukani na jora la kitambaa cheusi kinachometameta.

"Mama, nikatie hiki. Ndo gari lenyewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Bi Ghania hakucheka.

"Na wewe utakaa ndani yake?"

"Nitakaa, inshallah."

"Basi hatokata mtu mwengine."

Akampima mabega na nyonga kwa tepu yake, akakata. Kule ghalani vipande hivyo vya nyuzi za kaboni vilipangwa tabaka juu ya tabaka, vikapakwa gundi, vikaokwa kwenye tanuri kubwa. Kilipotoka kisanduku cha dereva kukalia, nilikigonga kwa ngumi. Kitambaa nilichokikunja kwa mikono yangu kililia kama chuma cha mlango wa benki! 

Mwaka wa kwanza mbioni giaboksi ilikufa kabla ya magharibi. Mwaka wa pili gari lilimaliza, la mwisho kabisa, nasi tukapiga vigelegele bila aibu. Mwaka wa tatu, asubuhi, lilikuwa la nne. Lilipopita mbele ya jukwaa niliruka kitini. Mungu wangu, kitu kile kimetoka mezani kwetu!

Ndipo gari jingine likamkatia njia Badar. Letu likapaa, likajibamiza ukutani, vipande vikaruka kila upande.  Bi Ghania alinishika mkono mpaka kucha zikanizama, na mimi nikaogopa kumtazama usoni.

Ukatokea mkono. Kisha helmeti. Badar akatoka kwa miguu yake.

Gari liliporudishwa gereji halikuwa na pua wala magurudumu; kilichobaki ni kile kisanduku. Bi Ghania aliingiza mkono, akapapasa ndani polepole, kama anatafuta mshono ulioachia.

"Hakijachanika," alisema. "Teresiah, hebu njoo uguse. Hakijachanika!"

Niligusa. Tukalia sote wawili.

Wenzake Badar walituzunguka, wakingoja aseme khalas, mbio zimekwisha. Badar mwenyewe aliinamisha kichwa.

"Mama, ukisema niache, naacha."

Bi Ghania alifuta macho, akavuta tepu iliyokuwa shingoni mwake.

"Simama nikupime," alisema. "Umenenepa."