Turubai la Gari la Jeshi

Nikinusa turubai lililolowa, narudi Wamagana, asubuhi yenye baridi ya kugandisha hata mawazo. Mama alikuwa hapumui vizuri, na kwa tope lile gari pekee la kutufikisha hospitali lilikuwa lile kuukuu la jeshi, ambalo baba alilinunua mnadani akalifufua nati kwa nati. Tulimlaza nyuma, chini ya turubai. Likakataa kuwaka. Baba akasukuma jiko la makaa chini ya injini ili oili iyeyuke.

“Baba watoto,” mama akaita, “hili gari lako ati lilishinda vita, sasa linashindwa na baridi?”

Tukacheka. Lilipowaka, Mlima Kenya mzima ulishtuka. Mama hakushtuka; chini ya turubai, pumzi zake zilikuwa zimekoma.

Siku hizi nalikarabati mimi. Nimebadilisha kila kitu isipokuwa turubai.