Nilivyogeuka Ndugu wa Kaunti Nzima ya Pruitt

Nitaanza na sababu, maana nikianza na safari yenyewe mtasema Bakari alikwenda Amerika kutembea. Mimi sitembei. Nilitoka Majengo, Mombasa, na begi lisilo na zipu, shule nimeiacha darasa la tano, na leo hapa Ras Al Khor, Dubai, ukitaka spea ya pikapu ya Kimarekani, uliza mlinzi, uliza fundi wa Kipakistani, uliza hata paka, utaletwa dukani kwangu.

Sasa, kuna arbab mmoja, yaani tajiri wa Kiarabu, Bu Khalid, mwenye gereji ya magari ya kale aliyoyafunika mashuka kama maharusi. Alitaka milango miwili ya pikapu ya zamani, milango ya asili, na rangi yake ya kwanza, isiyoguswa na kutu. Akasema mbele yangu na mbele ya Saleh, Mzanzibari wa duka la jirani, kwamba atakayeileta atakabidhiwa magari yake yote ayahudumie. Saleh akakimbilia kuagiza milango ya kuigiza. Mimi nikatafuta kwenye simu mpaka nikaiona ya kweli, imeegemezwa ndani ya banda la mjane mmoja aitwaye Darlene, Kaunti ya Pruitt, jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Amerika. Nikampigia.

"Vitu vya marehemu mume wangu siviuzi kwa sauti," akasema. "Uso wako uko wapi?"

"Uso uko Dubai, madam."

"Basi ulete."

Saleh aliposikia alicheka mpaka akashika tairi. "Yakhe, wenzako wanakwenda Amerika kusoma, wewe unafuata mlango?"

"Wanaosoma wanarudi na karatasi," nikamwambia. "Mimi nitarudi na kitu kinachofunguka."

Kabla sijapanda ndege, jueni jambo moja kuhusu duka langu. Mteja akiniambia, "Ndugu yangu, nipunguzie," humjibu kwamba ndugu zangu wote niliwaacha Mombasa, hapa nina wateja tu. Ila mimi nikiwa mhitaji, hapo kila mtu ni ndugu yangu. Ndiyo biashara.

Nilishuka Chicago, nikapanda kindege kingine mpaka Omaha, na hapo nikakodi gari. Yule dada wa magari ya kukodi akaniuliza kama nataka ramani. Nikamwambia mtu aliyejifunzia udereva kwenye mizunguko ya Deira, kule Dubai, hahitaji ramani. Nilipotea kabla ya saa sita.

Si kosa langu. Kaunti ya Pruitt imechorwa kwa rula. Barabara inakwenda moja kwa moja, inakatwa na nyingine inayokwenda moja kwa moja, na kila pembe kuna mahindi, na nyuma ya mahindi kuna mahindi mengine. Mombasa mtu anapotezwa na kona. Mimi nilipotezwa na kukosa kona. Kilima hakuna. Palipoinuka kidogo wamepawekea jina na kibao cha kueleza kwamba pameinuka. Mto upo, una daraja zuri na jina lake, ila maji hayamo. Nikawaza, Dubai sisi tuna maji yasiyo na mto, hawa wana mto usio na maji. Tukikaa pamoja tutaelewana.

Adhuhuri, gari la kwanza kupishana nami lilikuwa pikapu nyekundu. Dereva akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nikasimama nikakagua tairi zote. Zilikuwa nzima. Gari la pili, kidole tena. Nikafungua boneti. La tatu nikaligeuzia, nikalifuata mpaka likasimama.

"Kuna nini na gari langu?" nikauliza.

"Hakuna kitu," yule bwana akajibu. "Nimekusalimu."

"Salamu gani ya kupita kama mshale? Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mifugo?"

Alinitazama. Kisha akazima injini, akanieleza habari za nyumbani, na za ng'ombe wake mmoja mwenye mguu mbaya. Jina lake Earl, mwenye kituo cha petroli katika mji wa Dorn. Akaniuliza nakwenda wapi.

"Kwa dada yangu, Darlene."

Mngetaka nisemeje? Mwanamke mtu mzima, mwenyeji wangu, nimtaje jina kavu kama namtuma dukani? Tangu hapo kila aliyeniinulia kidole nilisimama nikamjulia hali, na kila aliyeuliza nikamwambia nakwenda kwa dada yangu Darlene. Wale wazee nikawaita baba, wale rika langu nikawaita kaka. Safari ya saa mbili ikala mchana mzima, lakini hakuna ng'ombe wa kaunti ile ambaye sikupata habari zake.

Jua likizama nikafika. Dada Darlene alikuwa amesimama barazani, mrefu kuliko mimi, kavaa kofia ya marehemu mumewe.

"Wamenipigia simu tangu mchana," akasema. "Wananiambia kaka yangu amefika na anauliza habari za ng'ombe." Akanitazama uso, kushoto na kulia, kama mnunuzi anavyotazama boneti. "Uso si mbaya. Ingia ule."

Nikala pai ya matofaa. Nilipogusia milango akasema, "Milango tutaizungumza baada ya maonyesho ya Jumamosi." Kisha akakaa, akavua kofia. "Bakari, una ndugu yeyote wa damu katika kaunti hii?"

Nikamwambia, labda kama babu yangu alisafiri bila kutuaga.

"Au mke wa kwetu?"

"Mke wangu yuko Dubai, na ana wivu."

"Mungu amekuleta," akasema.

Tatizo lilikuwa hili. Watu wa kaunti nzima ni wachache kuliko wanaoswali Ijumaa mtaani kwetu Ras Al Khor, wale wanaotandika mikeka mpaka katikati ya magurudumu. Zamani walikuwa wengi. Treni ilipoacha kusimama, vijana wakaondoka, waliobaki wakaoana wao kwa wao. Sasa kila mwaka, kwenye maonyesho, yapo mashindano ya pai, na mwamuzi sharti asiwe na undugu na mtu yeyote. Miaka mingi alikuwa daktari wa wanyama wa kaunti jirani. Mwaka huu akaoa binti wa Dorn. Khalas, akageuka shemeji wa nusu ya kaunti na binamu wa nusu iliyobaki. Utepe wa buluu wa ushindi, miaka yote, ulichukuliwa na Peggy, mke wa Earl. Dada Darlene alikuwa wa pili, kila mara wa pili. Hakunitamkia niufanye nini ule utepe. Aliniongezea pai tu, asubuhi na jioni, na banda akaliacha na kufuli.

Nikakubali kuwa mwamuzi, kwa sharti moja: mimi Muislamu, sigusi mafuta ya nguruwe. Wao ndiyo wanayokandia unga wa pai. Dada Darlene akashika simu, akaipigia kaunti yote kwamba mwaka huu ni siagi tu. Siagi ikaisha duka la Dorn, ikaisha la Hatley, na manung'uniko nikayasikia kwenye vile vidole vya barabarani, maana vilianza kuinuka nusu.

Alhamisi alinipeleka makumbusho nijue historia. Ufunguo unawekwa kwa Earl, pale kwenye kituo cha petroli, karibu na soseji. Kumbe kaunti ina miji miwili, Dorn na Hatley, na hapo kale yote miwili iliitaka mahakama. Mahakama ilikuwa Dorn. Siku moja watu wa Hatley wakaja na mikokoteni, wakabeba mafaili, meza, na kiti cha jaji. Watu wa Dorn wakawahi kuokoa mlango. Mpaka leo mahakama iko Hatley, na mlango wake uko Dorn, umetundikwa ukutani kwenye ukumbi. Kabla ya hawa wote palikuwa na wenyeji wa asili, wakafukuzwa. Wao wamewekewa kabati moja dogo. Kabati la vifungo vya mashati ni kubwa zaidi. Nilimuuliza Dada Darlene mbona hivyo, akasema hata yeye kila akiingia hujiuliza.

Jumamosi asubuhi, ukumbi wa Dorn, watu wamejaa. Nilivaa kanzu yangu iliyopigwa pasi na koti juu. Mlango wa mahakama nikaukagua kwanza, kazi ni kazi, nikawaambia bawaba zimekufa na ninaweza kuwapatia nyingine. Mzee mmoja akanijibu bawaba za nini, mlango hauendi popote.

Mwenyekiti alikuwa Bi Norma, jaji mstaafu, baba yake wa Hatley, mama yake wa Dorn. Alipotaka kunitambulisha, Earl akasimama.

"Napinga," akasema. "Huyu bwana aliniambia kwa mdomo wake, barabarani, kwamba Darlene ni dada yake."

"Hata mimi aliniambia," sauti ikatoka nyuma.

"Na mimi."

"Darlene ndiye aliyemleta," Earl akaendelea. "Darlene ndiye aliyechagua mafuta. Sasa mwamuzi ni kaka yake?"

Wa Hatley wakaguna, wa Dorn wakaguna zaidi. Bi Norma akanigeukia. "Bwana Bakari, jibu moja tu. Darlene ni dada yako au si dada yako?"

Nikamtazama Dada Darlene. Alikuwa ameshika ile kofia kwa mikono miwili, haniangalii. Nikisema si dada yangu, nimemkana mbele ya watu mwanamke aliyenilaza na kunilisha, na milango kwaheri. Nikisema ndiye, uamuzi umeniponyoka, utepe kwaheri, na milango kwaheri vilevile. Nimeuza injini iliyokufa kwa mtu aliyekuja kununua redio, lakini siku ile njia ya tatu sikuiona.

Nikasema, "Ni dada yangu."

Ukumbi ukachafuka. Nikainua kidole kimoja, kama wanavyoinua wao, wakanyamaza.

"Na wewe Earl nilikuitaje? Si kaka? Ng'ombe wako anaendeleaje?"

"Anakanyaga sasa," Earl akasema kwa shingo upande.

"Alhamdulillahi. Yule mzee pale nilimwita baba. Huyu mama nilimwita shangazi, akanipa mahindi. Kama yupo humu niliyekutana naye nisimwite ndugu, asimame, nimwombe radhi, kisha niondoke."

Hakusimama mtu. Bi Norma akafikiri, akavua miwani, akaivaa tena.

"Aliye ndugu wa wote sawasawa," akasema, "hana upendeleo zaidi ya asiye ndugu wa yeyote. Pingamizi limekataliwa. Leteni pai."

Pai zilipangwa kwa namba, bila majina. Nikapewa kijiko kidogo cha kuonjea. Mimi sikulelewa kuonja chakula cha mtu na kukiacha. Nilimaliza kila kipande, watu wananihesabia kwa macho. Nilipofika namba nne nikaijua hapohapo. Ukingo ulibanwa kwa uma, mdalasini mwingi: pai ya Dada Darlene, niliyokula wiki nzima. Nikaimaliza. Nikaomba tena, nikaitafutia sababu ya kuwa ya kwanza. Milango nikaiona, magari ya Bu Khalid nikayaona, Saleh nikamwona anashika tairi. Sababu haikuja.

Kisha namba saba. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na bado namba saba niliomba kipande kingine. Huo ndio ushahidi wangu, na ningeutoa hata mbele ya kadhi. Ulimi wangu nimeujenga mwenyewe kama nilivyojenga duka langu, siwezi kuudanganya.

"Saba," nikasema. "Nne ni ya pili."

Bi Norma akafungua karatasi. Saba ilikuwa ya Peggy.

Jioni tukarudi, Dada Darlene anaendesha. Magari yalipita, vidole viliinuka, yeye mikono yote miwili imeganda kwenye usukani. Hapo nikajua amekasirika. Nikawasalimia mimi kwa niaba yake, nikiwa nimekwisha kumpoteza Bu Khalid moyoni.

Asubuhi akagonga. "Amka, kaka."

Akanirudisha ukumbini. Masufuria ya maonyesho yote, sinia, vyungu vya maharage, vilikuwa vimerundikwa kama gari lililopinduka. "Wageni wanakwenda nyumbani," akasema. "Ndugu wanaosha." Mimi nina wafanyakazi wangu, hata kikombe changu cha chai sikioshi. Nikakunja kanzu. Earl akaja akasimama upande wa pili wa beseni, akanipa sabuni, na tukasugua mpaka adhuhuri chini ya ule mlango usiokwenda popote.

Tulipomaliza, Dada Darlene akafungua banda. Milango ilikuwa pale, ya kijani, safi kama imetoka kiwandani.

"Miaka yote nilisema Peggy anashinda kwa sababu mwamuzi ni mtu wao," akasema. "Sasa najua anashinda kwa pai. Inaniuma, lakini najua." Akapangusa mlango mmoja kwa mkono. "Ungekuwa mteja ningekuuzia. Ndugu simuuzii. Chukua. Lakini kila mwaka, maonyesho yakiisha, nataka nikuone kwenye lile beseni."

Nikaweka mkono kifuani nikakubali. Nilipokuwa naondoka akaniinulia kidole kimoja.

Milango ilifika Dubai kwa meli. Bu Khalid akaifungua, akaifunga, akasikiliza mlio wake akiwa amefumba macho, na magari yake yote sasa yako mikononi mwangu. Saleh alikuja kuikagua kwa kucha, akarudi dukani kwake kufuta vumbi ile milango yake ya kuigiza. Barabarani naendesha na kidole changu juu. Wengi wananipigia honi.

Mnaoniuliza nimejifunza nini Amerika, nawaambia hivi. Wiki jana alikuja Mkenya mwenzangu, kijana wa bara, mlinzi kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, kioo cha pembeni cha gari lake kimevunjika. Akakishika kioo kimoja cha dukani kwangu, akakigeuza, akasema, "Ndugu yangu, nipunguzie."

Nikamuuliza kama anajua kuosha masufuria.