Ya Kwanza Haiuzwi

Mpishi wa pankeki tunayemfuata kila Jumapili, mimi na wifi yangu, hana habari na foleni yetu. Hutugeuzia mgongo, na mkono wake wa kushoto hauachi kuzungusha bakuli la unga uliokorogwa hata anapocheka. Kugeuza kwake hakuna nguvu: huisukuma pankeki kidogo kwa mwiko bapa, akiibembeleza, "Haya mama, lala upande wa pili," nayo inalala. Ya kwanza ya kila bakuli haiuzwi. Huila mwenyewe, wima, macho ameyafumba, na sisi tunameza mate.

Jumapili iliyopita foleni ilifika barabarani, mwenye mkahawa akaja jasho linamtoka. "Dada, leo hiyo ya kwanza mpe mteja." Mpishi akaiepua. Akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Kisha akalibeba bakuli, lililojaa pomoni, akalimwaga lote kwenye sinki. Wifi yangu akashika kichwa.

"Chumvi imezidi," mpishi akasema.

"Lakini dada, si unaona watu walivyojaa?"

"Wamejaa kwa sababu hiyo ya kwanza huwa naila mimi," akasema, akavunja yai kwenye bakuli jipya.