Kitufe cha Mgeni Amefika

Mimi ni fundi wa tovuti hapa Karatu, na niseme wazi tangu mwanzo kwamba nilimfilisi shangazi yangu. Sikumwibia. Nilimsaidia, tena bure, kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana sina wa kumlaumu ila mwenyewe.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alitandika vitanda miaka mingi kwenye loji moja ukingoni mwa kreta, na alipoacha kazi alijenga vyumba vinne upande wa Oldeani, pembeni ya kahawa zake. Wageni waliletwa na madereva wa utalii, kila dereva akichukua chake. Wageni walilala, asubuhi wakanywa chai, wakala mayai na viazi, ndipo wakalipa, taslimu, pale pale mezani. Hakuwa tajiri, lakini vyumba havikukaa vitupu, na nyumba ile ndicho kitu pekee alichowahi kukiita chake.

Mimi nilikuwa na fremu karibu na stendi, meza moja na kompyuta mbili, nikitengenezea watu tovuti za loji na za safari. Tovuti yenyewe si kazi. Kazi ni malipo. Hakuna anayeandika malipo ya kadi kuanzia sifuri. Unachukua laibrari, yaani programu ambayo watu wa mbali wameshaiandika, unaipachika kwenye tovuti yako, nayo inazungumza na kampuni ya malipo, na kampuni inazungumza na benki ya mgeni. Wewe uko mlangoni tu, kama mlinzi asiyepewa funguo. Kikiharibika kitu huko ndani, anayepigiwa simu ni wewe.

Nilishapita laibrari tatu kabla ya ile. Ya kwanza ilikuwa na orodha ya nchi, na ndani yake visiwa ambavyo sijawahi kuvisikia maishani, lakini Tanzania haikuwemo. Ya pili ilimlazimisha kila mtu aandike namba ya posta ya mtaa wake. Nikaandika sifuri tano ikakubali, wiki iliyofuata ikakataa, na hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Ya tatu ilikuwa nzuri, mpaka mwandishi wake alipobandika tangazo kwamba amechoka na kompyuta, anakwenda kulima. Nilimwonea wivu nusu siku. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nimekimbia jembe la baba yangu ili nije nifanye kazi aliyoikimbia mwandishi yule.

Ya nne ilifanya kazi. Ndipo nikaenda Oldeani kumshawishi shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Nilimweleza kwamba madereva wanamnyonya. Nikamwonyesha kwenye simu vyumba vyake vikiwa kwenye tovuti, picha nilizipiga mwenyewe, maua ya mezani niliyachuma kwa jirani. Mgeni ataviona akiwa kwao Ulaya, atalipa kwa kadi, hakuna dereva katikati. Alisikiliza vizuri. Nilipofika kwenye malipo akaweka kikombe chini.

"Alipe akiwa kwao? Kabla hajaja?"

"Ndiyo shangazi. Ndivyo dunia inavyofanya."

"Mimi siwezi kula pesa ya mtu ambaye sijamlaza. Asipofika je? Akiugua? Hapana baba. Aje kwanza, alale, anywe chai."

Nilibishana naye mpaka jioni. Alikuwa laini kwa kila kitu, lakini hapo alikuwa jiwe. Mtu mwingine angekata tamaa au angempuuza akafanya anavyotaka. Mimi nilijiona mjanja. Nilirudi kwenye fremu yangu, nikasoma maelekezo ya laibrari, nikakuta ina njia ya kushikilia fedha. Mgeni anapoweka nafasi, benki yake inazifungia fedha zile kwenye kadi yake; hazimtoki, wala hawezi kuzitumia. Siku akifika, wewe unabonyeza, ndipo zinachukuliwa. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Watu walioandika laibrari ile hawakumjua shangazi yangu, na bado walikuwa wamemwandikia yeye.

Nilimtengenezea kitufe kikubwa cha kijani kwenye simu yake: MGENI AMEFIKA. Nilikijaribu kwenye mazingira ya majaribio, ambako kadi ni za uongo na fedha ni za uongo. Nikashikilia, nikabonyeza, zikaja. Nikashikilia nyingine, nikaiacha wiki tatu, nikabonyeza, zikaja. Nilifurahi sana siku ile, na ninapoikumbuka furaha ile naona aibu mpaka masikioni.

Kulikuwa na tatizo moja dogo. Mtandao wa Oldeani ni wa kubahatisha, hasa ukungu ukishuka. Shangazi alibonyeza kwa kujaribu, duara likazunguka, likazunguka, naye akanipigia kwa wasiwasi kwamba labda ameharibu pesa za wazungu. Basi nikambadilishia. Nikaifanya simu imjibu papo hapo, "Asante, imekamilika," bila kusubiri jibu la kampuni. Jibu lenyewe, kama ni zuri au baya, nililielekeza kwenye baruapepe yangu. Nilifanya hivyo ili asihangaike. Hakuna mtu aliyeniomba.

Mvua za masika zilipoanza, nafasi zikaanza kuingia. Msimu ule wa Juni hadi Agosti vyumba vyote vinne vilijaa, na shangazi akakopa kwenye kikoba cha akina mama wa kanisani kwake akaweka mitambo ya maji ya moto, kwa sababu Julai kule baridi inauma. Madereva walipopiga simu aliwajibu kwa upole kwamba hakuna nafasi. Walipiga mara mbili, tatu, wakaacha. Mimi ndiye niliyemwambia awajibu hivyo.

Nilimpigia kila Jumapili. Sauti yake ilikuwa imejaa. Mgeni mmoja amemfundisha kukaanga mikate ya kwao. Wawili walikuwa wazee, mke na mume, wameondoka wakimkumbatia. "Na kitufe nimebonyeza," alisema kila mara, kama mtoto aliyemaliza kazi yake ya shule. "Kimesema asante."

Kampuni ilikuwa imesema itatuma fedha benki kwa mkupuo, msimu ukiisha. Hatukuwa na haraka. Baruapepe niliyoielekezea majibu sikuifungua. Laibrari ile ilikuwa inatuma maonyo kila siku: toleo hili limepitwa, sehemu hii itaondolewa, sasisha, sasisha. Ukiyasoma yote hutafanya kazi. Kila fundi ninayemjua ana sanduku la namna hiyo, na kila mmoja anadanganya kwamba hulisoma.

Mwisho wa Agosti aliingia kwenye fremu yangu asubuhi, amevaa vitenge vya kanisani. Sikumtarajia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani.

"Nimetoka benki," alisema. "Wanasema hakuna kitu. Nimewaambia waangalie tena, yule binti akaangalia tena. Nikaona aibu kumwambia aangalie mara ya tatu. Hebu angalia wewe, baba."

Nikafungua lile sanduku. Majibu yote yalikuwemo, mstari kwa mstari, kuanzia mgeni wa kwanza wa Juni. Yote yalisema jambo moja: muda wa kushikilia umekwisha, fedha zimerudishwa kwa mwenye kadi. Wageni wale walikuwa wameweka nafasi mwezi mmoja, miezi miwili kabla ya kuja. Benki hazishikilii fedha miezi miwili. Zinashikilia kama wiki moja hivi, kisha zinaziachia kimyakimya. Kwenye mazingira ya majaribio haziachii kamwe, kwa sababu huko hakuna benki. Nilirudi kwenye maelekezo nikatafuta. Sentensi yenyewe ilikuwemo, moja, chini kabisa ya ukurasa, baada ya mifano ambayo sote tunainakili na kuondoka.

Shangazi alikuwa akiniangalia uso.

"Ni mtandao?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia ukweli, vibaya, kwa maneno mengi ya kitaalamu ambayo hayakuwa na kazi nyingine ila kunificha. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo wale wote walilala bure."

"Ndiyo shangazi."

"Na wenyewe wanajua?"

Hilo sijui mpaka leo. Mtu anaweza kuangalia kadi yake au asiangalie.

Wiki ile niliandika kila mahali. Kampuni ya malipo ilinijibu baada ya sekunde mbili, kwa adabu sana, na haikuwa mtu. Kwenye jukwaa la mafundi wa laibrari ile nilieleza kisa kizima, mtu wa nchi nyingine akanijibu kwa mstari mmoja kwamba imeandikwa kwenye maelekezo, kisha swali langu likafungwa. Nilikasirika, na hasira ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alisema kweli.

Kisha nikawaandikia wageni. Watatu walilipa, mmoja wao akaongeza na pole. Mmoja alinijibu kwamba aliona kwa macho yake fedha zikikatwa kwenye kadi mwezi wa Mei, kwamba anawajua matapeli wa mtandaoni, na kwamba ataandika hivyo pale wasafiri wanapoandikia maoni. Akaandika. Wengine wakanyamaza. Wale wazee wawili waliokumbatiana na shangazi nao walinyamaza, na hilo sikumwambia.

Kwamba nawadai wageni, alilijua kwa njia nyingine. Yule aliyelipa na kutoa pole alimwandikia na yeye. Shangazi akanipigia simu.

"Unawadai?"

"Shangazi, ni haki yako."

"Wale watu nimewapikia. Walipoondoka nilisimama barabarani nikawapungia mkono. Usiwafuate tena."

"Na kikoba?"

"Kikoba ni changu mimi."

Sikuwafuata tena. Nilitaka kulipa deni la kikoba mwenyewe, nikauza kompyuta yangu ya pili, nikapeleka kilichopatikana. Alikipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, na wote wawili tulijua hakifiki hata robo. Madereva nao niliwatafuta stendi, mmoja mmoja, nikawaomba wamrudie. Walinisikiliza vizuri. Mmoja akaniambia, "Kaka, shangazi yako alituambia kumejaa. Sisi tukapata kwingine." Hakuwa na kinyongo. Ningependa angekuwa nacho.

Mwezi wa Novemba nyumba ikakodiwa na mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola aliyekuwa akitafuta stoo mahali penye baridi. Alilipa mwaka mzima kabla hajaingiza gunia hata moja, na shangazi akazipokea, akazipeleka kikoba siku hiyo hiyo. Mfanyabiashara hakutaka vitanda. Tulivitoa nje, vinne vya watu wawili wawili, tukaviegemeza ukutani upande wa kahawa, tukavifunika turubai. Tangu hapo shangazi anaishi kwenye chumba cha jikoni.

Nilifuta tovuti. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kitufe kwenye simu yake alikiacha, hajui kukiondoa, nami sijamwomba simu nikiondoe.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa Jumamosi ya Januari. Nyumba nzima inanuka vitunguu, hata chai. Alinipikia, akaniuliza habari za mjini, akaniambia nimekonda. Nilipoinuka kuaga akasema, "Ukitoka hapa pitia kwa yule mzee wa juu, anayejenga. Anataka tovuti. Nimemwambia wewe ndiye fundi."

"Shangazi, umemwambia yaliyotokea?"

"Nimemwambia ulikuwa mtandao. Wote nimewaambia ulikuwa mtandao, kanisani pia." Alikuwa anakusanya vikombe, hakuniangalia. "Wewe bado kijana. Ukiharibiwa jina hapa utaenda wapi?"

Nilitaka kumwambia aache. Nilitaka kupanda hadi kwa yule mzee na kumweleza kila kitu, kisha nirudi Karatu nifunge fremu, nitafute kazi ambayo ukikosea unaumia wewe. Njia nzima ya kupanda nilikuwa nikiyapanga maneno hayo, nikikwepa madimbwi, pikipiki ikiteleza.

Mzee alinipokea vizuri, akanionyesha vyumba sita visivyo na paa bado.

"Shangazi yako amekusifia sana," alisema.

Nikasema asante, nikafungua kompyuta.