Ndama Aliyenenepa Kiangazi

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ikinifikia, mkono wangu wa kushoto huanza kuniwasha, pale pale vidole vya nyanya yangu vilipoacha alama. Alama zenyewe zilifutika miaka ile ile ya sabini, lakini ngozi yangu ina kinyongo.

Tulikaa Kinna. Nyanya, mama yake baba, tulimwita Akko, na yeye ndiye aliyemkamua ng'ombe wetu wa pekee aliyekuwa na maziwa kiangazi kile. Maziwa yalikuwa ya mdogo wangu, mtoto mchanga aliyekonda hadi mbavu zikahesabika. Kila siku kibuyu kilirudi kimepungua zaidi. Mama alinivuta kando akaninong'oneza, "Mwangalie Akko. Macho yako isitoke kwake."

Nilikuwa na miaka minane na kiherehere cha kutosha kijiji kizima, kwa hiyo kazi ile niliifurahia kupita kiasi. Nilijibanza nyuma ya ua wa miiba. Sikumwona akinywa, ila nilimwona akikamua kidogo, akiacha, akikunja na kukunjua vidole, akianza tena. Nikashuku. Halafu alikuwa akiniomba nimfungulie kifuniko cha kibuyu, eti kimekaza. Eti! Asubuhi moja ng'ombe alirusha teke nikiwa karibu, na Akko alinidaka mkono akanivuta kwa nguvu za ajabu, alama zikakaa siku tatu. Nikampelekea mama ushahidi wangu.

"Nguvu iko," nikamwambia. "Anatuchezea."

Jioni mama akamuuliza, macho chini, kwa sababu mama mkwe haulizwi maneno kama hayo. "Mama, maziwa ya mtoto inapungua. Ni wewe unakunywa?"

Akko alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Ni mimi. Njaa ilinishika."

Tangu kesho yake mama akakamua mwenyewe. Kibuyu kikajaa, nami nikatembea kifua mbele. Akko hakupewa tena maziwa hata ya chai, na hakulalamika. Kitu kimoja tu kilinishangaza: ndama wetu, aliyenenepa wakati sisi sote tunakonda, sasa alianza kuonyesha mbavu. Nikamhurumia ndama.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba maziwa ambayo Akko alishindwa kuyakamua yalibaki kwenye kiwele, na ndama akayamaliza. Aliona heri aitwe mwizi wa maziwa ya mtoto kuliko ijulikane kwamba mikono yake imeacha kumtii. Naona aibu mpaka leo.

Sasa umri wake ninao mimi. Naiambia mikono yangu ikaze, inakaza nusu. Lakini kikombe kikiponyoka mezani, huwa imeshakidaka kabla sijafikiri, na mjukuu wangu hunitazama kwa jicho ninalolijua vizuri sana. Juzi aliniletea kibuyu cha maziwa, akasimama hapo akisubiri ninywe. Nilizungusha kifuniko mara mbili, kikagoma.

Nikamrudishia, nikamwambia nimeshiba. Njaa ilikuwa imenishika kwelikweli.