Siku Mwanvita Alipotajwa Jukwaani

Ukifika Mwembesongo ukauliza nyumba ya Mwanvita Pazi, utaulizwa kwanza unamtaka kwa lipi: nguo, mwali au muziki.

Mwanvita ni mama yangu mdogo. Kwa nguo, anajulikana kwa cherehani yake ya barazani, ambayo haijawahi kukaa kimya siku ya sikukuu inapokaribia. Kwa mwali, yeye ndiye kungwi wa ukoo wetu. Msichana akivunja ungo, akawekwa ndani, Mwanvita ndiye anayeingia kumfunda na kumfundisha nyimbo. Mimi pia nimepita mikononi mwake. Nyimbo hizo alizipokea kwa Bi Mwanaheri, bibi wa ukoo anayeishi Kinole, kule milimani kwenye migomba, naye alizipokea kwa waliomtangulia. Kungwi haongezi neno wala hapunguzi. Akisahau, hunyamaza mpaka mwenzake amkumbushe.

Nadhani ndiyo sababu aliipenda bendi ya Warithi wa Mindu kuliko bendi nyingine zote.

Warithi wa Mindu hawakuwa na wimbo wao hata mmoja. Walipiga nyimbo za Mindu Jazz, bendi iliyovuma Morogoro enzi za ujana wa babu zetu, ikavunjika kabla hatujazaliwa. Walizipiga kama zilivyo kwenye sahani za santuri. Mahali ambapo mpiga gitaa wa zamani aliteleza kidole, mpiga gitaa wa sasa naye aliteleza palepale. Kiongozi wao, Kondo, mtu mrefu mwenye suti ya suruali pana, alipenda kusema, "Sisi haturembi. Sisi tunarudisha." Mwanvita alikuwa akiyarudia maneno hayo huku akipiga pasi, kama mtu anayerudia aya.

Kulikuwa na kundi la wapenzi wa bendi lililojiita Wadau wa Mindu. Bendi ikienda Kilosa, wadau walikwenda. Ikienda Ifakara, Iringa au Dodoma, nao walikodi basi dogo wakaifuata, wote wamevaa kitenge cha sare kilichoshonwa na Mwanvita. Katika muziki wa dansi, wimbo ukifika kwenye chemko, pale mwendo unapokolea, mwimbaji hutaja majina ya wapenzi wa bendi, na anayetajwa husimama, akanyoosha mkono, akashangiliwa. Wadau karibu wote walikwisha kutajwa. Mwanvita alikuwa bado.

"Shoga, wewe utatajwa kwenye hitima yako," rafiki yake Raya alimtania ndani ya basi. Raya naye ni kungwi, wa mtaa wa pili. "Kamtunze Kondo jukwaani, mbandike noti kwenye paji la uso, uone kama hatakuita mpaka na jina la babu yako."

"Sinunui jina."

"Basi kaa nalo hilohilo la bure."

Wote walicheka, na Mwanvita alicheka pia. Lakini nilisafiri nao mara moja wakati wa likizo ya chuo, nikamwona chemko lilipokaribia. Aliuweka sawa mtandio wake, tayari kusimama.

Mwimbaji wa kike wa bendi aliitwa Jesca. Alikulia Dar es Salaam, lakini mama yake alikuwa Mluguru wa Mgeta, na kwetu ukoo hufuata mama. Usiku mmoja wa safari ya Ifakara Jesca alibisha mlango wa chumba cha Mwanvita katika nyumba ya wageni. Baadaye mama mdogo alinisimulia mazungumzo yao neno kwa neno.

"Mama, nataka kukuambia kitu, usinicheke."

"Sema, mwanangu."

"Mimi sikuchezwa, sikuwekwa ndani. Mama alifariki nikiwa mdogo, baba akanipeleka kwa dada zake, huko hawana mambo hayo. Sasa natarajia kuolewa. Nikienda Mgeta kwa watu wa mama, wanawake wakiingia ndani mimi naambiwa nibaki nje na watoto. Na umri huu."

Kwa mwanamke wa kwetu, hakuna ombi zito kuliko hilo. Asiyechezwa ni kama mgeni katika nyumba ya mama yake mwenyewe. Mwanvita alisema moyo ulimyeyuka.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na heshima. Katika ukoo wetu, mwali hafundishwi wimbo wa ndani kabla ya kula kiapo. Hushika tawi la mti wa mkole mbele ya makungwi wawili, akaahidi kwamba alichokisikia ndani hakitatoka kwenda kwa wanaume wala kwa wasichana ambao bado hawajachezwa. Lakini kwa Mwanvita kiapo hicho kilikuwa cha kumtia hofu mtoto. Jesca alikuwa mtu mzima anayejipangia nyumba na kujilipia kodi. Mwanvita aliona aibu kumshikisha tawi kama kigoli.

"Haya ni ya ndani," alimwambia tu.

"Naelewa, mama."

Akamfundisha. Alianzia Ifakara, akaendelea Kilosa, akamaliza Dodoma, kila mara chumbani, mlango umefungwa, wakipiga makofi kwa vidole viwili ili sauti isivuke ukuta. Jesca alishika upesi kupita mwali yeyote. Hata pale ambapo Mwanvita huvuta pumzi katikati ya neno, Jesca naye alivuta. Wa mwisho ulikuwa wimbo wa kutoka, ule ambao mwali huimbiwa mara moja tu katika maisha yake, dakika chache kabla ya mlango kufunguliwa. Maneno yake siyaandiki.

Mwaka huohuo mdogo wangu Mosi alikuwa ndani akisubiri kutolewa. Mama yetu alipokuwa mgonjwa kitandani alimshika mkono Mwanvita akamwambia, "Mosi nakuachia. Mtoe kama ulivyomtoa dada yake." Hakupona. Kwa hiyo wimbo ule wa kutoka, kwa Mosi, ulikuwa kitu alichoachiwa na mama.

Ziara ya Warithi wa Mindu ilimalizikia nyumbani. Lilikuwa bonanza la Jumapili mchana, katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, na wadau walivaa kitenge kipya cha kijani. Nilikuwa nimekaa meza moja na Mwanvita na Raya. Nyimbo za zamani zilipigwa, watu wakacheza, Kondo akajifuta jasho kwa leso yake kubwa. Kisha akashika kipaza sauti.

"Wapo wanaosema Warithi ni watu wa kunakili. Kwamba tunaishi kwa jasho la marehemu. Leo mtasikia kitu chetu wenyewe, kimetoka kwenye milima hii mnayoiona."

Jesca akaanza bila ala. Baada ya mstari wa kwanza gitaa likaingia, kisha ngoma, na kwa sababu ya gitaa Mwanvita hakuutambua mara moja. Alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Ghafla kichwa kikasimama.

Niliutambua mimi pia. Ulikuwa wimbo wa kutoka, wote, maneno na mahali pa kuvuta pumzi. Wanaume walikuwa wakiucheza. Kijana mmoja alikuwa akiimba kiitikio huku amebeba chupa ya soda kichwani. Wanawake wa makamo waliokuwa uwanjani wakaacha kucheza, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana. Raya alivua mtandio wa mabegani akajifunika kichwa, kama mtu aliyeingia kwenye msiba.

Likafika chemko.

"Kwa hisani ya mama yetu," Jesca aliita, "aliyenifunda wimbo huu, kungwi wa makungwi, Mwanvita Pazi wa Mwembesongo. Mama, simama wakuone."

Wadau wakapiga vigelegele. Taa ikamgeukia. Mwanvita hakusimama. Raya alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Ni wewe?"

"Nilimfunda kama mwali."

"Mbele ya nani?"

Raya akachukua mkoba wake, akahamia meza nyingine.

Bendi ilipopumzika, Mwanvita alipita nyuma ya jukwaa, nami nikamfuata. Jesca alimkimbilia, akamkumbatia.

"Mama, mbona hukusimama? Nilikupamba kweli."

"Nilikwambia haya ni ya ndani."

"Ulisema, ndiyo. Lakini mama, wimbo mzuri namna ile ufungiwe chumbani na vibibi vitano? Wakifa je?"

"Wakifa wapo kina Mosi."

Kondo, aliyekuwa akikaza nyuzi za gitaa, akaingilia. "Mama Mdau, usikasirike. Tumeheshimu kila kitu. Hatukubadilisha hata nukta. Tulikaa na simu ya huyu binti wiki nzima, tunasikiliza, tunarudia, tunasikiliza."

"Simu gani?"

Jesca akaanza kucheza na hereni yake.

"Alikurekodi," Kondo alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayeanza kuhisi kwamba amevuka mahali. "Tangu Ifakara. Nilidhani unajua. Mimi ndiye niliyemwambia akufuate wewe, kwamba una hazina."

Mwanvita alimgeukia Jesca. "Ule usiku uliobisha mlango. Uliponiambia wanakubakisha nje na watoto."

"Hilo ni kweli, mama. Wallahi ni kweli kabisa." Jesca alikuwa Mkristo, lakini aliapa vile ili aaminiwe. "Yote mawili ni kweli. Nilitaka kuchezwa, na nilitaka wimbo."

"Ungeniambia la pili nisingekufungulia."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mama mdogo hakumtukana. Alifungua kilemba cha sare, akakikunja, akakiweka juu ya kipaza sauti kilichokuwa kwenye kiti, tukatoka.

Siku iliyofuata tulikwenda Kinole. Bi Mwanaheri alikuwa amekaa mkekani akichambua mbegu za maharage. Habari ilikwisha kumfikia, maana milima yetu haikawizi habari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kujisema au umekuja kujitetea?"

"Kujisema."

"Haya, sema."

Alisema yote, na jambo la tawi la mkole hakulificha. Bibi aliendelea kuchambua mbegu mpaka mwisho.

"Ulimwonea haya," alisema hatimaye. "Ukaona kiapo ni cha watoto. Mwanvita, mtoto hana haja ya kiapo. Mtoto atamwambia nani? Kiapo ni cha mkubwa."

"Nimekosa, bibi. Nivueni ukungwi. Mpeni Raya, mpeni mnayemtaka. Lakini wimbo ubaki. Mosi bado hajatoka."

"Wewe hatukuvui. Nyimbo nyingine ziko kichwani mwako, tukikuvua nazo zitapotea. Wimbo ndio tunaouvua."

"Bibi, dada yangu aliniachia—"

"Najua alichokuachia. Nilimtoa mimi huyo dada yako. Lakini ulioimbwa na wanaume hauwezi kumtoa mwali. Utamtolea nini? Atatoka na kitu ambacho muuza maji barabarani anacho. Acha uende."

Mwanvita alilia pale mkekani. Bibi hakumbembeleza, ila alisogeza ungo wa maharage ili machozi yasidondokee mbegu, na baada ya kitambo akamwambia akachote maji apike.

Wimbo ulikuwa umekwisha kuenea. Ulipigwa redioni, ukapigwa harusini, bodaboda wakaufanya mlio wa simu. Kondo alituma mtu alete kitenge cha sare cha ziara mpya, pamoja na salamu kwamba kiti chake cha mbele kimetunzwa. Mwanvita alikirudisha vilevile kilivyofungwa. Jesca alipiga simu mara nyingi. Siku moja nilikuwa karibu, simu ikaita, Mwanvita akaitazama mpaka ikakata, akaendelea kupima kola.

Nilimwambia huenda Jesca anataka kuomba radhi.

"Anaweza kuwa anataka hivyo," alinijibu. "Na akiomba nitaisikiliza sauti yake, nitaipenda, nitamwamini. Huyo mtoto anajua kuimba."

Desemba tulimtoa Mosi. Makungwi watatu waliingia ndani, Raya akiwa mmojawao. Alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye kigoda chake bila maelezo. Mimi, kama dada, niliruhusiwa kuingia. Nyimbo zilikwenda kwa mpangilio wake. Zilipofika mwisho, pale ambapo wimbo wa kutoka huanza, Mwanvita aliinua mkono juu ya ngoma, akauacha hewani. Raya aliangalia chini. Bi Mwanaheri, aliyeteremshwa kutoka mlimani kwa ajili ya siku ile, alitikisa kichwa mara moja. Mwanvita akashusha mkono polepole, akauweka mapajani. Mosi, aliyefunikwa khanga, hakujua kwamba kuna kitu kilichorukwa. Alidhani wazee wanapumzika.

Nje, vijana waliokuwa wakifunga maturubai walikuwa wamefungulia redio, na ikawa kama kusudi, ingawa haikuwa kusudi la mtu. Jesca alianza kuimba.

Mosi alichungulia kutoka chini ya khanga, uso umechangamka. "Mama mdogo, wimbo huu naupenda mno. Si ndio wataupiga nikitoka? Huyo dada anaimba kama wewe, sauti ileile."

Mwanvita alichukua khanga ya pili, akaikung'uta.

"Geuka nikufunge," alimwambia. "Watu wanakusubiri."