Nilimbwaga Ambakisye Bila Kumshika

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua ilipiga bati la banda la video hapa Tukuyu tangu asubuhi, na mimi nimekaa kwenye stuli kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, nikijiona mtu mkubwa kuliko mkuu wa wilaya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri mikanda ya mieleka, ile ya Wazungu wenye misuli na chupi za kung'aa, wanaotukanana kwanza dakika kumi ndipo wapigane.

Kiingereza sikukijua. Nakwambia leo kwa sababu umekua, na wengi niliowadanganya wameshatangulia mbele za haki. Nilikuwa na maneno machache ya shuleni, yaliyobaki nilibuni.

Juzi uliponipigia simu kutoka Mbeya mlikuwa mnabishana wewe na wenzako. Wewe ukasema watu wanapenda mieleka kwa ajili ya ushindani, wanataka kujua nani mbabe. Wenzako wakasema hapana, ni ugomvi, ni visa na matusi, bila hivyo hakuna atakayetazama. Mkanifanya mimi hakimu. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote, mwanangu. Nilikata kwa sababu jibu la swali lenu linaanzia kwa mtu niliyemkosea, na mambo kama hayo siwezi kuyasema kwenye simu nikiwa nimesimama, ndiyo maana nakuandikia.

Ukitaka jibu la haraka, wenzako wamekushinda. Nililiona kwa macho yangu. Wale watu wakipigana tu, watazamaji walimenya karanga na kuulizana habari za migomba. Lakini mpiganaji mmoja mwenye ndevu akishika kipaza sauti na kuanza kufoka, banda zima lilinyamaza, hata wenye kikohozi walikibana, wote wananitazama mimi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikaanza kuwapa ugomvi wa kwetu. Mwenye ndevu akawa anamlaumu mwenzake kwa kusogeza mpaka wa shamba. Mwingine akawa anadai ameibiwa mchumba sokoni Kiwira. Wachuma chai walicheka mpaka wakafuta machozi, na Jumamosi iliyofuata walikuja na jirani zao.

Benchi la mbele alikaa rafiki yangu Ambakisye. Tulianza naye darasa la kwanza. Kwao kulikuwa ng'ambo ya kijito, mimi nikiishi mtaa huu huu wa Makandana, na kila jioni alinisindikiza hadi kwetu, nami nikaona vibaya arudi peke yake, nikamsindikiza hadi kwao, naye tena akaona vibaya. Tuliweza kwenda na kurudi mara tatu. Mama yake alikuwa akituuliza kama tumepotelewa na kitu njiani.

Mama huyo alifariki Ambakisye akiwa kibaruani, mbali. Alitumiwa habari, akapanda gari, lakini hakufika kwenye maziko. Unajua kwetu jambo hilo lilivyo zito. Watu hukusamehe mengi, ila kukosa kumzika mama yako watalisema hata kwenye msiba wako mwenyewe. Yeye alieleza kwamba gari liliharibika njiani, wazee wakamwonea huruma, likaisha.

Siku chache baadaye tulikuwa tunapalilia viazi vyake, akasimamisha jembe, akaniambia ukweli. Gari lilikuwa zima. Alishuka Kiwira kwa miguu yake, akaingia kilabuni, akakaa na kikombe cha pombe ambacho hata hakukimaliza, mpaka alipokadiria kwamba maziko yameisha. Aliogopa kuona mama yake akishushwa. "Miguu ilikataa, ndugu yangu," aliniambia. Nikamwambia limeishia hapa hapa shambani. Nilimaanisha kabisa.

Sasa rudi kwenye ile Jumamosi ya mvua. Mkanda ulikuwa wa zamani, kila mtu ameshauona, na watu wakaanza kuinuka wakitafuta miavuli yao. Niliogopa. Sikuogopa kufukuzwa kazi, niliogopa yale macho yakiacha kunitazama. Mwenye ndevu akashika kipaza sauti, akamnyooshea kidole mwenzake, na mdomo wangu ukasema, "Wewe uliyedanganya watu kwamba gari limeharibika! Mama yako anazikwa, wewe umekaa kilabuni Kiwira na kikombe!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikatembea benchi kwa benchi kadiri walivyokuwa wakielewa. Ambakisye hakugeuka kuwatazama. Alinitazama mimi, kidogo tu, akainuka, akatoka kwenye mvua bila kofia.

Ningekuwa nimekosea hapo tu, mwanangu, pengine leo nisingekuwa naandika. Ulimi unaweza kuteleza, mtu akaomba radhi, akasamehewa. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikuta watu wamejaa hadi nje, wengine wamesimama kwenye tope wakichungulia dirishani. Hawakuja kwa ajili ya Wazungu. Walikuja kuona kama Ambakisye atakuja kunipiga. Wiki nzima sikuwa nimekanyaga kwao, najiambia nitakwenda kesho. Na nilipoona ule umati, nikawapa sehemu ya pili. Nilitia na chumvi. Nikasema alicheza hadi ngoma huko kilabuni.

Kumbe alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona nilipoinua macho kutafuta sifa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Baadaye mkewe aliniambia kwamba alikuja tuyamalize, kwa sababu aliona mimi naogopa kwenda. Akasikiliza hadi mwisho wa sentensi yangu, akaondoka. Mwezi haukuisha, akahamia Matwebe, kwa wakwe zake.

Banda letu lilikuwa na mteja mmoja asiyekosa, Mzee Asegelile. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za chai miaka mingi hadi masikio yakafa karibu kabisa. Hakusikia hata neno moja la tafsiri yangu, na kila Jumamosi alikaa palepale ukutani akitazama. Sisi vijana tulimtania kwamba anakuja kujikinga na mvua. Ilibidi mjukuu wake amfikie sikioni na kupiga kelele ili aelewe kwa nini Ambakisye haonekani tena.

Alinifuata nje ya banda. Kiziwi hajui kunong'ona, kwa hiyo alichoniambia kilisikika hadi barabarani.

"Unafikiri mimi natazama nini humu?" aliniuliza.

Nikainua mabega.

"Natazama mikono. Yule akimwinua mwenzake juu, tazama mkono wake mmoja uko wapi. Umeshika shingo, isivunjike. Kila mara. Wanakunja sura, wanatishana, lakini anayembwaga mwenzake anamshika mpaka afike chini. Wewe ulimbwaga mwenzako bila kumshika, kijana. Huo siyo mchezo."

Watu waliokuwa wakingoja kuingia walitazama chini. Mimi nilisema nina kazi, nikarudi ndani. Nilitafsiri kama miezi miwili zaidi, kisha ugomvi ukaniishia, watu wakapungua, na mwenye banda akatafuta kijana mwingine mwenye mdomo mpya. Kati ya wale wote waliokuwa wakinishangilia, hakuna aliyekuja kuuliza nimepotelea wapi. Walikuwa wamependa ugomvi, mimi hawakunipenda. Sikuwahi kuyatofautisha hayo mawili mpaka nilipobaki peke yangu na jioni zangu.

Tangu mama yako atutoke, na ninyi wote mmetawanyika, natazama mieleka kwenye televisheni mliyoninunulia. Nazima sauti. Natazama mikono, na Mzee Asegelile alisema kweli, karibu kila mara shingo imeshikwa. Nikiona wamefanya vizuri nageuka pembeni kumwambia mtu, na pembeni pana kochi tu. Ni upweke, mwanangu, nisikufiche, na sehemu yake nimejichumia mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda Matwebe. Miaka yote hii mimi na Ambakisye tulikuwa tunaonana misibani, tunapeana mikono na salamu ya kwetu, "ndaga", "ndaga", basi. Safari hii nilikwenda hadi kwake. Alinipokea kwa heshima zote, nikaletewa ndizi na maharage, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mbolea. Sebuleni mjukuu wake wa kike alikuwa anatazama mieleka. Mtu mmoja alikuwa anafoka, akamuuliza babu yake anasema nini.

Ambakisye akanielekeza kwa kidevu. "Muulize babu yako huyu," alisema. "Yeye ndiye mtafsiri."

Binti akanigeukia. Nikamwambia, "Sijui, mama. Sikuwahi kujua walichokuwa wanasema. Nilikuwa natunga, na nilimuumiza babu yako kwa uongo wangu na kwa ukweli wake. Ambakisye, nisamehe."

Alipunguza sauti ya televisheni, akaniongezea maharage. Nilipoaga alisimama, akachukua fimbo yake, akanisindikiza. Tulipita katikati ya migomba, nami nilikuwa nimeshapanga kwamba tukifika barabarani nitasema naona vibaya arudi peke yake. Shamba lake lilipoishia, akasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Nenda salama."

Nikaenda. Niligeuka mara moja, nikakuta ameshageuka.

Basi waambie wenzako jibu la mzee. Ugomvi ndio unaojaza banda, sibishani nao. Ushindani nao una watu wake, wewe ukiwa mmoja. Lakini mchezo wenyewe unasimama kwa sababu ya ule mkono ulioshika shingo, aliouona Mzee Asegelile, na huo hakuna anayeushangilia. Na wewe siku hizi una simu, una watu wengi wa kukutazama mtandaoni kuliko niliokuwa nao mimi. Wakianza kuinuka, waache waende. Usimchukue rafiki yako ukamtupia watu ili wakae. Na ukiwa umeshamtupa, nenda kwake siku hiyo hiyo, hata kwenye mvua, usingoje avae shati la kanisani akufuate yeye.

Mungu akutunze huko Mbeya, mwanangu, akutunzie na ulimi wako. Akupe mtu wa kukusindikiza jioni, nawe umsindikize, mchelewe njiani wote wawili mpaka watu waulize mmepotelewa na nini.